Mbuzi Kwenye Gunia: Historia Fupi ya Kulipia Mzigo Tusiouona

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. "Mzigo wako umefika. Tuma shilingi 5,000 ya kuutoa kabla ya saa kumi jioni kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Wafanyabiashara wa Ilula wamenionyesha ujumbe wa aina hiyo zaidi ya mara moja, na wanafunzi wangu nao wamenionyesha. Kiasi kinachoombwa ni kidogo, sababu inayotolewa inaingia akilini, na muda uliowekwa ni mfupi.

Maelezo tuliyoyazoea husema kwamba aliyetapeliwa ni mjinga au ana tamaa. Siyakubali. Tamaa huenda ikamnasa mtu aliyeambiwa ameshinda bahati nasibu ambayo hakucheza. Anayelipia mzigo kwa kawaida ni mtu anayeungojea mzigo kweli: mwenye duka la vipodozi aliyeagiza bidhaa Kariakoo, fundi wa pikipiki anayesubiri vipuri, mwanafunzi aliyetumiwa begi na wazazi wake. Kosa lake, ikiwa tunalazimika kuliita kosa, ni kufuata utaratibu ambao jamii nzima imeujenga kwa miongo kadhaa. Ili tuuelewe utapeli huu, hatuna budi kuielewa kwanza historia ya utaratibu huo.

Huduma ya posta ya kisasa katika nchi yetu ilianza enzi ya Wajerumani, ambao walifungua ofisi zao za kwanza Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890. Kutoka pwani kwenda bara, barua zilibebwa na matarishi waliotembea kwa miguu. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliendeleza huduma hiyo, na mwaka 1933 posta ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, tukaunda shirika letu la posta na simu, ambalo nalo liligawanywa, na mwaka 1994 Shirika la Posta likaanza kujitegemea.

Katika mabadiliko yote hayo, jambo moja halikubadilika kwa wananchi walio wengi: mtu ndiye aliyeufuata mzigo, wala mzigo haukumfuata mtu. Anwani yetu ilikuwa sanduku la posta, mara nyingi la shule, la misheni au la ofisi ya mwajiri. Kifurushi kilipofika, karatasi ya taarifa iliwekwa katika sanduku. Mhusika alikwenda dirishani na kitambulisho, akaoneshwa kifurushi, akalipa kilichotakiwa, akatia sahihi na kupewa risiti. Mlipaji, mpokeaji wa malipo na kifurushi vyote vitatu vilikuwa mahali pamoja.

Barabara kuu ilikuja na utaratibu wa pili. Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta imebanwa, kwa kuwa njia zake za kupitishia shaba na mafuta zilielekea kusini. Malori yakaanza kupita katika barabara ya vumbi na matope kati ya Dar es Salaam na Zambia, njia ambayo madereva waliipa kwa Kiingereza jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ilikuwa inatandazwa. Ilula, iliyoko juu ya mlima Kitonga kabla ya kufika Iringa mjini, ikawa mji wa barabarani. Nyanya na vitunguu vyake vilipata soko Dar es Salaam, na mabasi yanayokwenda Iringa na Mbeya yakawa posta mpya ya wananchi.

Posta hiyo ya mabasi haikutungiwa sheria na mtu yeyote, ila ilikuwa na kanuni zake. Mtumaji alikabidhi mzigo ofisini au kwa kondakta, akalipa nauli ya mzigo, akapewa risiti. Kisha alimjulisha mpokeaji basi gani limeubeba na litapita saa ngapi. Mpokeaji alisimama kituoni. Kama palikuwa na salio la kulipwa, lililipwa mzigo ukiwa umeshikwa mkononi. Yeyote aliyewahi kununua nyanya Ilula kupitia dirisha la basi anaijua kanuni hiyo: huku fedha, huku ndoo. Wazee wetu waliifupisha hekima yake kwa kutuonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Utaratibu wa tatu ulianza Aprili 2008, Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini, mwaka mmoja baada ya Kenya. Sina nia ya kuibeza huduma hiyo. Mkulima wa Ilula aliyekuwa akisafiri na fedha za mauzo zimefungwa kiunoni alipata usalama ambao hakuwahi kuwa nao. Hata hivyo, pamoja na faida hiyo, kulitokea badiliko ambalo hatukulijadili: malipo yalitenganishwa na mzigo. Kwa mara ya kwanza tukazoea kumlipa mtu tusiyemwona, kwa kitu tusichokishika, kwa maelezo ya sauti au maandishi tu. Tapeli anaishi katika nafasi hiyo iliyo kati ya fedha na mzigo.

Anahitaji mambo matatu: jina, namba ya simu, na habari kwamba kuna kitu kinachosubiriwa. Msomaji anaweza kudhani kwamba kuyapata kunahitaji utaalamu wa kompyuta. Ingia katika ofisi yoyote ya mizigo ya mabasi utazame maboksi yaliyopangwa sakafuni. Jina la mpokeaji, namba yake na mahali anapoishi vimeandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, kila apitaye avisome. Wengine, bila boksi lolote, hutuma ujumbe uleule kwa watu wengi wakijua kwamba miongoni mwao hatakosekana anayesubiri mzigo.

Kuna hila nyingine inayostahili kutazamwa kwa makini. Mitandao yetu humwonesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri, nayo ni kinga nzuri. Tapeli ameigeuza kinga hiyo kuwa chambo. Anapoandika "jina litakuja fulani", anakutajia mapema jina ambalo laini yake imesajiliwa. Jina likitokea kama alivyosema, moyo hutulia, kana kwamba ukweli umethibitishwa. Kilichothibitishwa ni jina lililosajiliwa katika laini tu. Kama kuna mzigo, na kama mwenye laini anahusika nao kwa lolote, bado hujui.

Utapeli huu si wa Tanzania peke yake. Mwaka 2021, Waingereza wengi wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya UVIKO-19, walitumiwa ujumbe uliojifanya umetoka Royal Mail, ukiwadai paundi chache za kifurushi na kuwapeleka kwenye tovuti bandia iliyochukua taarifa za kadi zao za benki. Afrika Mashariki tunamjua pia "mchumba" wa mtandaoni aliyeko ng'ambo, ambaye zawadi yake hukwama uwanja wa ndege hadi ushuru ulipwe. Sura zinatofautiana, lakini katika kila moja malipo yanatangulia na mzigo hauonekani.

Dola haikukaa kimya. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 302, inatambua kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu. Mwaka 2010 ikaja sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta iliyodai laini zisajiliwe, na mwaka 2015 Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mei 2019 ukaanza usajili kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Mwaka 2022 tukapata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wananchi walipanga foleni, wakatoa vidole vyao, wakaahidiwa kwamba sasa kila namba ina mwenyewe. Wana haki ya kuuliza kwa nini namba hizohizo zenye wenyewe zinaendelea kuwaibia, na kwa nini aliyepoteza shilingi 5,000 huona aibu kwenda kituo cha polisi, akihofia kuambiwa kwamba fedha ni ndogo.

Si ndogo. Kwa mama mwenye genge ni sehemu ya mtaji wa siku. Kikubwa zaidi ni imani inayobeba biashara nzima ya barabarani. Imani hiyo ikivunjika, mwenye duka wa Ilula atalazimika kupanda basi mwenyewe hadi Kariakoo kufuata katoni moja, agharamie nauli na kufunga duka siku mbili. Gharama hiyo haitaonekana katika takwimu za uhalifu, lakini ataibeba yeye.

Nini kifanyike? Kwa mtu binafsi, turudi kwenye kanuni ya dirishani: mzigo kwanza, malipo baadaye, mahali pamoja. Ukipata ujumbe wa kulipia, usijibu namba iliyokutumia. Mpigie aliyekutumia mzigo kwa namba unayoijua tangu zamani, umwombe picha ya risiti na jina la basi. Asiyekuwepo mtumaji, hapana mzigo. Usifungue kiungo cha tovuti, na usimtajie mtu namba ya siri. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, na kwa kupiga *106# hakiki ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana huenda jina "litakalokuja" kwa mwingine likawa lako. Kama fedha imekwisha kwenda, piga 100 mara moja kabla haijatolewa, kisha utoe taarifa polisi bila haya.

Kwa wenzangu walioko serikalini na wanaharakati, ninaomba tusiishie kwenye mabango ya kuwaonya wananchi wawe makini. Ofisi za mizigo zitumie namba ya risiti juu ya boksi badala ya namba ya simu ya mpokeaji; sheria ya 2022 inatupa msingi wa kulidai hilo. Kila ofisi ibandike ukutani na ichapishe kwenye risiti namba moja ya malipo, ili namba nyingine yoyote ijulikane mara moja kuwa ni ya uongo. Vituo vya polisi vipokee malalamiko ya fedha kidogo na kuyaweka pamoja, kwa sababu namba moja iliyolalamikiwa na watu 40 haiwezi tena kuitwa kesi ya shilingi 5,000. Ofisi ya mizigo inaweza kuanza kesho asubuhi, kwa karatasi na gundi.