Mama Kando ya Kitanda

Zamani katika hospitali nyingi za Uingereza wazazi waliwaona watoto wao waliolazwa kwa saa chache tu, tena si kila siku. Iliogopwa kwamba wangeleta magonjwa, na kwamba mtoto angelia wakiondoka. Aliyenyamaza alihesabiwa kuwa amezoea.

Mwaka 1952 James Robertson alionyesha jijini London filamu ya binti wa miaka 2 aliyelazwa siku 8. Alinyamaza, ndiyo, lakini kwa huzuni. Madaktari na wauguzi wengi waliotazama walikasirika. Hata hivyo, mwaka 1959 kamati ya Platt iliishauri serikali kwamba wazazi waruhusiwe kuingia wakati wowote, na mama wa mtoto mdogo alale naye hospitalini. Kwetu Uchagani nani angehitaji kamati? Mtoto akilazwa hapa Kilema, mama hulala naye, na nyumbani hutoka mtori.

Mlango uliobaki mgumu ni ule wa chumba cha mahututi. Akizidiwa, mtoto huteremshwa Moshi, KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na hapo safari ya wazazi hubadilika. Kuna mashine, kuna hofu ya vijidudu, na duniani kote mama ameketishwa nje kwa sababu hizo. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito mdogo sana. Kundi moja lilibebwa kifuani tangu mwanzo, mama akikaa ndani ya chumba hicho hicho. Katika kundi hilo vifo vilipungua kwa robo. Kumbe aliyeonekana kuwa mgeni alikuwa sehemu ya tiba.

Na mama mwenyewe, na baba aliye kwenye benchi, nani anawabeba? Jumuiya zetu ndogo ndogo hufika na chakula, sala na nauli, na hilo ni jema. Lakini hufika pia na maneno. Mtu husema “ni mapenzi ya Mungu” wakati mtoto bado anapumua, na mama hulazimika kuitikia.

Yohane anawataja waliokuwa na Mama Maria chini ya msalaba: dada yake, Maria wa Klopa na Maria Magdalena. Hakuandika kwamba walimwambia neno lolote.