Kipimo cha Kujitegemea: Habari za Machakos

Katika mwaka 1937 ofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, alitoa taarifa juu ya nchi ya Wakamba wa Machakos. Kwa kadiri alivyoona yeye, nchi ile ilikuwa ikielekea kuwa jangwa: mvua zilichukua udongo, malisho yalikwisha, na watu pamoja na ng'ombe wao walikuwa wengi kupita uwezo wa ardhi. Yafaa ikumbukwe kwamba vilima vizuri vya jirani walikuwa wamekwisha kupewa walowezi.

Dawa iliyotolewa ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walitwaliwa na kuuzwa kwa bei duni, na maelfu ya Wakamba wakaenda Nairobi kulalamika, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu kama mfungwa. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ililegeza amri yake.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao juu ya wilaya hiyo hiyo, ambayo leo ni kaunti za Machakos na Makueni. Watu walikuwa wameongezeka kutoka kiasi cha 240,000 katika mwaka 1930 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1990, na mmomonyoko ulikuwa umepungua! Miteremko ilivikwa matuta ya fanya juu, ambayo huchimbwa mtaro na udongo ukatupwa upande wa juu, hata shamba likajisawazisha lenyewe mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya mwethya, desturi ya zamani ya kusaidiana, na wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake. Matuta ya kulazimishwa na wakoloni yalichukiwa. Haya watu waliyachimba kwa hiari, kwa kuwa yalihifadhi maji na mazao.

Hapana budi, hata hivyo, kujihadhari na neno kujitegemea. Plau, mbegu na ujira wa vibarua vililipwa kwa fedha za kahawa, matunda na mishahara iliyotumwa kutoka Nairobi. Pasipo soko la mji ule, huenda matuta mengi yasingalichimbwa. Maher alipima udongo na kwato. Mikono ya watu na barabara ya kwendea sokoni hakuipa uzito wake.

Lakini soko nalo lina mpaka. Wakamba huzipa njaa zao majina. Ile ya mwaka 1961 yakumbukwa kwa ndege zilizoleta chakula. Ya mwaka 1984, mvua ziliposhindwa na maduka yakawa matupu, waliiita Nikw'a Ngwete: nafa hali nimezishika, yaani fedha mkononi.