Vyombo vya Kupimia Umeme na Mafundi Waliovidumisha

Mnamo mwaka 1923 Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alikuwa amechoshwa na mzigo wa vyombo alivyolazimika kubeba kila alipokagua mitambo ya mawasiliano: kimoja cha kupima mkondo, kingine cha volti, kingine cha ukinzani. Akaviunganisha vyote ndani ya kisanduku kimoja. Chombo hicho kiliuzwa kwa jina la AVO, yaani ampea, volti na omu, na ndicho babu wa multimita zote zinazoning'inia leo kwenye vibanda vya mafundi.

Historia ya vyombo vya kupimia vya kielektroniki husimuliwa mara nyingi kwa sifa za wavumbuzi. Lakini iko historia ya pili, ya fundi aliyevifungua vyombo hivyo vilipoharibika. Vingi vimefanya kazi miaka 50 na zaidi, na sababu haikuwa uimara wa chuma peke yake. Waliovibuni walijua kwamba siku moja vitafunguliwa, wakamwekea fundi njia ya kuingilia.

Tuanze na chombo hicho cha AVO, yaani Avometa. Toleo la 8, lililo mashuhuri kuliko yote, lilitoka mwaka 1951 na kuendelea kutengenezwa hadi 2008. Nyuma ya mshale wake kuna ukanda wa kioo, ili msomaji aoanishe mshale na taswira yake na asisome kwa upande. Mtu akikosea akapeleka umeme mwingi, kitufe cha ulinzi huruka na kukata njia kabla mshale haujapinda.

Ugonjwa wake mkubwa ni betri zilizosahaulika ndani. Kemikali zikivuja hula vibati vya shaba, na chombo kizima huonekana kimekufa. Hapa mpangilio wa ndani humsaidia fundi. Vipimo vya ukinzani mdogo hutumia betri ya volti 1.5, na kipimo cha juu kabisa hutumia betri ya volti 15. Kipimo cha juu kikigoma peke yake, hakuna haja ya kugusa mahali pengine kabla ya kuangalia betri ya pili. Vya ukinzani mdogo vikigoma huku volti zikisomeka vizuri, betri ndogo na vibati vyake ndivyo vya kushukiwa kwanza.

Upande wa Marekani, mwaka 1939, William Hewlett na David Packard walianzisha kampuni yao katika gereji moja mjini Palo Alto, California. Bidhaa yao ya kwanza, 200A, ilikuwa chombo cha kuzalisha mawimbi ya sauti kwa ajili ya majaribio, na bei yake ilikuwa dola 54.40. Studio za Disney zilinunua vyombo vinane vya toleo la 200B kwa kazi ya sauti ya filamu ya Fantasia, iliyotoka mwaka 1940.

Siri ya chombo hicho ilikuwa taa ndogo ya kawaida ambayo Hewlett aliiweka ndani ya saketi. Mawimbi yakizidi nguvu, uzi wa taa hupata joto, ukinzani wake hupanda, na mawimbi hushuka tena. Yakipungua, uzi hupoa na mawimbi huinuka. Kwa kuwa taa hiyo huwashwa chini sana ya uwezo wake, huweza kudumu miongo mingi. Fundi asiyeelewa kazi yake anaweza kuing'oa na kuweka taa yoyote aliyonayo, akidhani ni ya kumulika tu, kisha akashangaa mawimbi yanapopanda na kushuka ovyo. Vinavyochakaa kweli ni kapasita za karatasi, ambazo huanza kuvuja umeme, na rezista za kaboni, ambazo ukinzani wake hupanda kadiri miaka inavyopita.

Hata hivyo, chombo kilichoheshimiwa kuliko vyote mezani kwa fundi ni osiloskopu, kwa kuwa huonyesha umbo la umeme wenyewe. Msingi wake ni bomba la miale lililobuniwa na Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Kwa muda mrefu picha za osiloskopu zilikuwa zikitangatanga kwenye kioo, ngumu kupimika. Mwaka 1946 Howard Vollum, aliyekuwa ameshughulikia rada wakati wa vita, pamoja na Jack Murdock na wenzao, walianzisha Tektronix huko Portland, Oregon. Osiloskopu yao ya 511, iliyotoka mwaka 1947, ilisubiri ishara ifike ndipo ianze kuchora, kwa hiyo picha ilitulia mahali pamoja na kupimika.

Katika osiloskopu zao za vali za miaka ya 1950 na 1960 ndipo heshima kwa fundi ilipofika kileleni. Vijenzi vililehemiwa juu ya vipande vya kauri vyenye mifereji iliyopakwa fedha. Risasi ya kawaida ya kulehemia huiyeyusha fedha hiyo na kuiharibu kauri, kwa hiyo kiwanda kiliweka ndani ya chombo chenyewe kiviringo cha waya wa kulehemia wenye fedha, kikimsubiri fundi wa miaka ijayo. Kitabu cha chombo kilikuwa na mchoro kamili wa saketi, volti zinazotarajiwa, na utaratibu wa kurekebisha hatua kwa hatua.

Vitabu hivyo vilifundisha nidhamu ambayo bado ni sahihi. Kwanza macho na pua: rezista iliyoungua, kapasita iliyovimba, harufu ya transfoma iliyochomeka. Kisha chanzo cha umeme, kabla ya kitu kingine chochote. Katika osiloskopu ya 545, kwa mfano, volti hasi 150 ndiyo nguzo ambayo volti nyingine zote hupimwa kwayo. Nguzo hiyo ikiyumba, zote huyumba, na fundi anayekimbilia saketi za mbele atatafuta kosa lisilokuwepo. Vali nazo hazibadilishwi zote kwa pamoja. Iliyo nzima hurudishwa kwenye tundu lake lilelile, kwa sababu saketi ilishasawazishwa kwa tabia yake.

Chombo kilichokaa stoo miaka mingi hakichomekwi moja kwa moja kwenye umeme. Kapasita kubwa za elektroliti hupoteza utando wake wa ndani zikikaa bila kazi, na volti kamili ya ghafla inaweza kuzipasua. Fundi hupandisha volti taratibu kwa transfoma ya kurekebishika, akitazama mkondo. Kwetu Afrika Mashariki, ambako umeme wa nyumbani ni volti 230 au 240, kuna hatua ya awali isiyorukwa: vyombo vingi vya Marekani viliunganishwa kwa volti 117, na nyaya za transfoma lazima zihakikiwe kwanza. Na usalama ni sharti, kwani ndani ya 545 bomba la picha hutumia volti 10,000, na kapasita hubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 njia ya fundi ilianza kufungwa. Viwanda viliingiza chipu zao maalumu zisizouzwa dukani. Katika osiloskopu za Tektronix za aina ya 2465 za miaka ya 1980, chipu ya U800 ikifa, tiba ya kawaida ni kuitoa kwenye chombo kingine kilichokufa. Katika toleo la 2465B, betri ya ndani ikiisha, kumbukumbu ya marekebisho hupotea. Ubora wa upimaji ulipanda, lakini uwezo wa kutengeneza ulishuka.

Kwa hiyo vyombo vya zamani ni zaidi ya vyuma chakavu. Kijana anayejifunza ufundi akikifungua kimoja huona kila kijenzi, hufuata mchoro kwa kidole, na hujifunza kufikiri kwa mpangilio kabla ya kushika chuma cha kulehemia. Ikiwa chuo, kituo cha redio au karakana unayoifahamu ina Avometa au osiloskopu ya vali inayosubiri kuuzwa kwa kilo, izuie. Itunze pamoja na kitabu chake, kwa maana kitabu kikipotea nusu ya chombo imepotea, na uwakabidhi fundi mzee na mwanafunzi wake waifufue pamoja.