Mdau na dau lake

Mdau ni mtu, kundi au taasisi inayoweza kuathiri kazi ya shirika fulani au kuathiriwa nayo. Maana hiyo ilipata nguvu mwaka 1984, Mmarekani R. Edward Freeman alipochapisha kitabu kuhusu uongozi wa kimkakati kilichoifanya dhana hii kuwa nguzo ya menejimenti. Katika asasi ndogo zisizogawana faida, neno hili halikosekani popote: limo kwenye andiko la mradi, kwenye mpango wa mawasiliano, kwenye bango la ukumbini, hata kwenye salamu za asubuhi za kundi la WhatsApp. Kwa kutumika kote huko limelegea, na asasi nyingi hulitaja bila kukumbuka kwamba ndani yake mna dau.

Dau ni fedha au kitu anachokiweka mchezaji kabla ya mchezo kuanza, akijua kwamba anaweza kukikosa. Kutoka kwenye kamari neno limehamia mnadani, ambako wanunuzi hupandishiana dau, na katika magazeti ya michezo, ambako klabu huongeza dau ili impate mchezaji inayemtaka. Dau la pili, kile chombo cha tanga cha pwani, ni neno jingine lenye sauti ileile na halihusiki hapa. Kwa umbo lake, basi, mdau ni mwenye dau: mtu aliyeweka kitu chake mahali ambapo kinaweza kupotea.

Uundaji wake una upekee. Kwa kawaida Kiswahili kikitaka kumtaja mtu kwa kile alichonacho au anachohusika nacho, hutumia mwana- au mwenye, kama katika mwanahisa, mwanachama na mwenye nyumba. Hapa kiambishi m- kimebandikwa moja kwa moja kwenye nomino, bila kitenzi na bila neno la kusaidia. Ndugu yake wa karibu ni mbia, mwenye ubia. Ufupi huo umelisaidia sana kuenea Tanzania. Kenya nako neno mdau linajulikana, lakini vyombo vya habari na hotuba za viongozi hupenda pia mshikadau, na kwa wingi washikadau.

Tofauti ya maneno haya mawili inaeleweka vizuri zaidi ukiangalia neno la Kiingereza yalikotoka, stakeholder. Mwanzoni mwa karne ya 18 neno hilo lilimtaja mtu wa tatu asiyecheza, aliyekabidhiwa fedha za wanaoshindana ili amtunzie atakayeshinda. Huyo kweli alishika dau, lakini halikuwa lake. Maana ya sasa ilijitokeza mwaka 1963 katika andiko la ndani la Taasisi ya Utafiti ya Stanford huko Marekani, lililowataja kwa jina hilo makundi ambayo shirika haliwezi kuendelea kuwapo bila msaada wao. Waandishi walilichezea neno: kwa Kiingereza linakaribiana sana kwa sauti na neno la mwanahisa, na walikusudia kuwakumbusha mameneja kwamba kampuni haiwajibiki kwa wenye hisa peke yao. Mchezo huo wa sauti haukuvuka kuja kwenye Kiswahili, kwa kuwa maneno mwanahisa na mdau hayafanani hata kidogo. Mshikadau limefuata umbo la neno la Kiingereza, na kwa hiyo limebeba picha ya yule mtunzaji asiye na cha kupoteza. Mdau limefuata dhana. Kwa kazi ya asasi, mdau ndilo lililo sahihi zaidi.

Usahihi huo huonekana neno hili likiwekwa karibu na majirani zake. Mfadhili na mhisani ni watu wa kutoa. Fadhili na hisani ni wema, na wema hauna deni. Mnufaika ni mtu wa kupokea. Mlengwa, neno ambalo Watanzania wengi wamelizoea kupitia kaya zinazosaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), linatokana na kitenzi lenga katika kauli ya kutendwa: kuna aliyelenga, na kuna aliyesimama pale msaada ulipoelekezwa. Haya yote hugawa watu kati ya wenye mikono inayotoa na wenye mikono inayopokea. Mdau haligawi hivyo. Humweka mfadhili na mwanakijiji katika kundi moja, kisha huuliza kila mmoja ameweka nini.

Ichukuliwe asasi ya watu watano inayotaka kuchimba kisima katika kijiji kimoja. Mfadhili ameweka fedha na jina lake. Halmashauri imeweka kibali na muda wa mhandisi wake. Mwenye shamba ametoa kipande cha ardhi ambacho watoto wake hawatakirithi tena. Mama aliyekuwa akichota mtoni ameacha njia aliyoijua, amejiunga na kamati ya maji na kuanza kuchangia fedha za matengenezo. Pampu ikiharibika mwaka wa pili, mchango wake umekwenda na anarudi mtoni. Mfadhili atapata mradi mwingine wa kufadhili. Mama huyo hana kijiji kingine. Kwa kipimo cha dau, yeye yuko mstari wa mbele.

Karatasi ya mahudhurio ya mkutano wa wadau inasema vingine. Safu zake ni zilezile kila mahali: namba, jina, taasisi, cheo, simu, sahihi. Afisa wa wilaya huijaza bila kunyanyua kalamu. Ikimfikia mama wa kamati ya maji, kalamu husimama kwenye safu ya taasisi. Wengine huandika jina la kijiji, wengine mkulima, wengine huvuta mstari mfupi na kusogeza karatasi kwa jirani. Baadaye ripoti huhesabu taasisi zilizoshiriki, na ule mstari mfupi hauhesabiwi.

Kosa hilo huanzia katika uchambuzi wa wadau, yaani hatua ya kuwaorodhesha na kuwapanga kabla ya kuamua nani aambiwe nini. Chombo kinachotumika zaidi ni jedwali la visanduku vinne linalohusishwa na Aubrey Mendelow. Upande mmoja hupimwa nguvu ya mdau, upande mwingine kiasi anachojali. Mwenye nguvu na anayejali hushirikishwa kwa karibu. Anayejali sana lakini hana nguvu hupewa taarifa tu. Kwa kampuni jedwali hili lina mantiki. Kwa asasi iliyoanzishwa kwa ajili ya wasio na nguvu, linageuza kusudi lake juu chini, kwa kuwa kisanduku cha kupewa taarifa tu ndicho alichomo yule mama. Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema mabaharia wakikusudia lile dau jingine, na jedwali hili linawathibitishia. Mwaka 1997 Mitchell, Agle na Wood walipendekeza vipimo vitatu: nguvu, uhalali wa dai na udharura wake. Hivi vinaifaa asasi zaidi, maana dai halali lenye udharura lina uzito hata kama mwenyewe hana cheo.

Katika mawasiliano ya kila siku, dau la kila mdau ndilo linaloonyesha anadaiwa habari gani. Aliyeweka fedha anadaiwa hesabu. Aliyeweka ardhi na muda anadaiwa hesabu hiyohiyo, kwa lugha anayoisoma na mahali anapofika: ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, au mkutano mkuu wa kijiji, ambao Tanzania unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi 3. Aliyepigwa picha kwa ajili ya kipeperushi ameweka sura yake. Anastahili kuulizwa kabla, kuelezwa picha itakwenda wapi, na kuiona ikishachapishwa. Asasi inayompelekea mfadhili ripoti yenye kurasa 40 na kuwaachia wanakijiji bango la shukrani imewasiliana na mdau mmoja tu.

Mitaani, wadau imekuwa salamu ya marafiki, na hakuna ubaya: lugha huchezea maneno yake. Ubaya uko kwenye andiko rasmi, ambako kila anayependezwa na shule huitwa mdau wa elimu, na sentensi "wadau walishirikishwa" huandikwa bila jina hata moja. Mwandishi wa asasi aeleze ni akina nani na kila mmoja aliweka nini. Na kwenye karatasi ya mahudhurio, safu ya taasisi ibadilishwe iwe "unahusikaje na mradi huu?" Mama wa kamati ya maji ataijaza kabla ya afisa wa wilaya.