Vifaa vya Bluetooth vya kufuatilia mali: vinapofaa na visipofaa

Kifaa kidogo cha Bluetooth cha kufuatilia mali hakina laini ya simu wala setelaiti. Hutoa mawimbi ya masafa mafupi. Simu ya mpita njia ikiyanasa, humjulisha mwenye mali, kupitia intaneti, mahali kifaa kilipo.

Hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa makini. AirTag, iliyoingia sokoni mwaka 2021, hutegemea vifaa vya Apple, ilhali madereva wengi wa ukanda huu wana simu za Android. Mtandao wa Google wa simu hizo ulianza mwaka 2024, lakini usipobadilishwa mpangilio huhitaji simu kadhaa zikinase kifaa hicho. Stendi au sokoni kinafaa. Porini ni bahati nasibu.

Kwa begi la nyaraka au funguo za lori kinatosha. Kwa kontena hakitoshi, maana chuma huzuia mawimbi. Wala hakichukui nafasi ya lakiri za kielektroniki za forodha, ambazo Kenya, Uganda na Rwanda zimezitumia katika mfumo wa pamoja tangu 2017.

Tangu 2024 pia, iPhone na Android humwonya mtu anayesafiri na kifaa kisicho chake. Onyo hilo humfikia mwizi, na dereva asiyeambiwa mapema huenda akakitupa.