Ununuzi wa kukuza ubunifu

Katika nchi nyingi hakuna mnunuzi anayeifikia Serikali. Hununua dawa, madawati, kompyuta, lami. Istilahi hii inataja wazo kwamba fedha hizohizo, ambazo zingetumika kwa vyovyote, zaweza kuzaa huduma au kifaa ambacho bado hakijafika sokoni.

Tafsiri ya haraka ya jina la kigeni la wazo hilo ni “ununuzi wa ubunifu”. Siikubali, kwa sababu inamfanya msomaji adhani ubunifu ni bidhaa iliyokwisha kupangwa rafuni. “Ununuzi chochezi” ni mbaya zaidi: neno hilo tumezoea kulisikia mahakamani, kwenye mashtaka ya uchochezi. Nachagua “ununuzi wa kukuza ubunifu”. Kitenzi kukuza kinaonyesha kuwa mnunuzi naye ana kazi ya kufanya. Wala nisingeweka “uvumbuzi” mahali pa “ubunifu”, kwani mara nyingi kinachotakiwa ni njia mpya ya kutumia kitu ambacho tayari kimevumbuliwa.

Rwanda inalionyesha jambo hili vizuri. Hospitali za wilaya zilihitaji damu kwa haraka, na barabara za milimani ziliichelewesha. Mwaka 2016 Serikali iliingia mkataba na kampuni ya Zipline, na hospitali zikaanza kupelekewa damu kwa ndege zisizo na rubani kutoka kituo cha Muhanga. Serikali haikununua ndege, ililipia huduma ya kufikisha damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health uliona kuwa damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda hospitalini ilipungua kwa asilimia 67.

Kwa hiyo kiini cha istilahi hii kimo katika nyaraka za zabuni. Taasisi nunuzi ikiandika “magari manne ya kubebea damu, injini ya ukubwa fulani”, itapata magari. Ikiandika “damu ifike ndani ya saa moja, ikiwa na ubaridi unaotakiwa”, mzabuni amepewa nafasi ya kufikiri. Vipimo vya namna ya kwanza naviita vipimo vya kifaa, vya pili vipimo vya matokeo. Bila tofauti hiyo istilahi yenyewe inabaki jina tupu.

Kinachomzuia ofisa ununuzi ni hofu, na ni hofu ya haki: mkaguzi atamuuliza kwa nini alilipia jambo ambalo halikufaulu. Umoja wa Ulaya ulilijibu swali hilo mwaka 2014 kwa kuanzisha “ubia wa ubunifu”. Kazi inagawanywa kwa hatua, kila hatua ina malengo na malipo yake, na taasisi yaweza kuusitisha mkataba mwishoni mwa hatua yoyote, mradi masharti hayo yalitangazwa tangu mwanzo. Mzabuni akishindwa kuthibitisha wazo lake, hasara inaishia kwenye malipo ya hatua hiyo, na sababu za kumsimamisha zimo ndani ya jalada ambalo mkaguzi atalifungua.