Pango la Bagamoyo na Waliolijenga

Sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, tarehe 8 Desemba, inapokaribia, sisi wakristo wa Base ya Kamina hutengeneza pango la Mama yetu. Watoto huokota mawe mekundu, akina mama huchota maji. Safari hii baba mmoja alisema, “Mawe ya nini? Tupake simenti, tuchore mawe kwa rangi. Kazi itakwisha upesi.” Hatukushangaa. Base yenyewe ni mtoto wa simenti: Wabelgiji waliijenga kwa ajili ya ndege zao baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndipo nilipowasimulia habari za pango la Bagamoyo.

Bagamoyo ni mji wa pwani ya Tanzania, unaoelekea Unguja. Mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walifungua misioni pale. Waliwakomboa watumwa kwa fedha, hasa watoto, wakawafundisha dini, kilimo na ufundi. Tukumbuke kwamba njia ya misafara iliyoishia Bagamoyo ilitoka mbali, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, hata Manyema. Watu wa nchi yetu ya Kongo nao waliipita wakiwa na minyororo shingoni.

Mwaka 1872 tufani iliangusha majengo ya misioni, ikabidi kuanza upya. Na mwaka 1876 wale waliokombolewa walimjengea Bikira Maria pango la mawe, kwa mfano wa lile la Lourdes. Bernadeta, aliyetokewa na Mama Maria mwaka 1858, alikuwa angali hai, sista katika konventi ya Nevers. Hata miaka 20 ilikuwa haijapita, na habari za msichana yule maskini zilikwisha kufika kwa maskini wa Afrika.

Fundi wa pwani ana jiwe lake, nalo ni tumbawe. Likikatwa baharini likiwa bichi, ni laini, mtu aweza kulichonga maua na nakshi. Likikaa juani huwa gumu. Ndilo lililopamba milango na misikiti ya waungwana kwa karne nyingi. La nchi kavu ni gumu tangu mwanzo, hilo ni la kuta. Hata chokaa hutoka katika jiwe lilo hilo: hupangwa juu ya magogo, huchomwa mpaka kuwa jeupe, humwagiwa maji, kisha huachwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Mwenye haraka huharibu chokaa.

Husemwa kwamba pango lile lilijengwa kwa shukrani. Nasadiki, lakini yafaa tuseme kweli yote. Maisha ya misioni yalikuwa na kengele, zamu na kazi ya lazima, na wengine walitoroka. Basi, aliyebeba jiwe siku ile, alilibeba kwa moyo wake au kwa amri? Pengine mtu mmoja aliyabeba yote mawili. Jina la Padri Horner twalijua. Majina ya waashi hatuyataji, ingawa kazi ni ya mikono yao. Hilo lanisikitisha kuliko tufani.

Mwaka 1878 Mapadri Weupe wa kwanza walipita Bagamoyo wakielekea Ujiji, pango likiwa na umri wa miaka 2 tu. Wenzao walipokea Mpala, upande wetu wa ziwa, mwaka 1885. Injili ilitufikia kwa njia ile ile waliyoshukia watumwa.

Nilipomaliza, yule baba alinyamaza, kisha akauliza kama tuna toroli. Simenti tuliitia kwenye msingi tu. Mawe ni ya kwetu, mekundu, na katika daftari ya parokia tumeandika majina ya wote walioyabeba, hata ya watoto.